Maneno Kumi kwa Gunia Lililolowa

Ushindi wote uligharimu maneno kumi. Nimeyahesabu mara mbili.

Mimi na mwenzangu tunaandika programu ya mizani ya ghala moja la viazi huko Mau Narok. Mimi niko mtaani Free Area, yeye mjini Gilgil. Kila mmoja akibadilisha kitu, anahifadhi na kuacha ujumbe mfupi wa kueleza alichofanya. Mwanzoni tulikuwa na jumbe arobaini na moja: thelathini na nane zilisema "rekebisha", mbili "rekebisha tena", na moja "Mungu saidia". Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu.

Nikamwambia tuanze kuandika kilichobadilika na sababu yake, maneno kumi na tano.

"Matatu," akasema. "Boss, kompyuta haisomi hizo barua zako."

"Mimi ndiye nitasoma."

"Basi saba."

Tukafunga kwa kumi.

Mvua ikanyesha, ikaisha. Asubuhi moja mathe, yule mama mwenye ghala, akapiga simu.

"Kijana, jua linawaka wiki ya pili, na mizani yenu inakula viazi vya watu. Wakulima wamekataa kushusha magunia."

"Inakula ngapi, mathe?"

"Kilo moja kila gunia."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena. Ikifika saa sita hivi, mimi narudi kwa daftari, na nyinyi mtafute ghala lingine."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikatafuta neno "kilo" kwenye jumbe zetu. Likatokea mara moja tu, kwa mkono wa mwenzangu: "Punguza kilo moja kila gunia kwa sababu magunia yamelowa mvua."

Mvua haipo, sababu haipo. Nikayaondoa mabadiliko yale, yale tu, nikamwomba mathe apime tena.

Akapima. Kisha: "Kilo hamsini kamili. Mmejuaje haraka hivyo?"

"Tuliachiwa barua."

"Basi wekeni mizani hiyo hata kwenye ghala langu la pili."

Nikashusha simu nikajipigia makofi, peke yangu, kama mwehu.

Shida ni mwenzangu. Tangu siku hiyo anajiona mwandishi. Ujumbe wake wa jana ulianza kwa salamu, ukapitia hali ya hewa ya Gilgil, ndipo ukafika kwenye mizani: maneno sitini na matatu. Nilipohesabu tena, sitini na manne. Kumkemea siwezi, maneno yaliyotuokoa ni yake. Kupandisha bei ya maneno najua. Wewe unayejua kuishusha bila mtu kurudi kwa "rekebisha", niambie, nianze na ngapi?