Valvu Niliyofunga Besmenti

Nilitoka zamu mbili mfululizo za kuuguza wazee, miguu imevimba, na kesho yake nilikuwa nasafiri kutoka huku ughaibuni kwenda nyumbani Nakuru. Nikajikokota hadi besmenti, chumba cha chini ya jengo tunachotumia na jirani, nikafunga valvu ya maji ili paipu zangu zisigande kwa baridi ya theluji na kupasuka nikiwa sipo.

Hata viatu sijavua, jirani yangu Mtanzania, Mama Salma, akabisha hodi. Alikuwa amejifunga khanga, kichwa chote povu.

“Dada, kwako maji yapo?”

“Nimeyafunga,” nikamjibu, mimi mjuaji. “Yako labda yameganda. Ungejitayarisha mapema.”

Akanipita hadi jikoni, akafungua mfereji. Maji yakatoka kwa kishindo.

Akanigeukia taratibu, akipangusa povu machoni. “Sasa dada, umefunga ya nani?”