Mungu wa Kichuguu Niliyemchoma

Nilimpikia mama mmoja wa Kihindi hapa Likasi, Kongo, miaka mingi. Alikuwa mjane, mzaliwa wa hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa chetu. Asubuhi, kabla ya kusimama, aliigusa sakafu na kuiomba dunia msamaha kwa kuikanyaga. Maganda yalirudi bustanini, maji ya kuoshea mchele yalikuwa ya lengalenga, mchicha wetu, na sisimizi walipewa unga kidogo. Mimi sisimizi nawamwagia maji ya moto. Tuligombana kwa hilo mwaka mzima, nikashindwa.

Kila sikukuu ya mungu wake mwenye kichwa cha tembo, alimfinyanga kwa udongo wa kichuguu, akamwomba siku kadhaa, kisha akamzamisha kwenye ndoo mpaka ayeyuke. Maji yale tulimwagia mboga. Sanamu za plasta zenye rangi alizikataa. Kilichotoka ardhini, alisema, lazima kiweze kurudi.

Mwaka wa mwisho mikono yake ilitetemeka, na mwanawe alikuja kumchukua akaishi naye India. Hangerudi tena. Aliomba kitu kimoja tu, amrudishe mungu wake bustanini kabla ya safari. Kazi ya kufinyanga akanipa mimi. Mimi, Mkatoliki! Padri hakuniuliza, nami sikumwambia.

Mungu huyo alitoka mzuri, masikio mapana, tumbo la mtu aliyeshiba. Nilimpenda mno. Nikaogopa atapasuka, basi nikamfukia kwenye makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, kama bibi yangu alivyochoma vyungu vyake. Mama hakuona vizuri tena, hakutambua. Nami nikafyata mdomo.

Siku ya mwisho, kesho yake ikiwa safari ya ndege, tukamtia kwenye ndoo. Tukangoja hadi chai ikapoa. Maji yalibaki meupe.

"Mama, nilimuchoma," nikasema.

"Ulimupika sawa mukate?"

"Nilitaka aikale, asipasuke."

Akampapasa ndani ya maji. "Udongo ya kuungua hairudiake, mwana yangu. Na kesho iko avion."

Nililia kwa aibu. Kitu kimoja tu alichotaka, nami ndiye niliyemharibia.

Akanituma kuleta udongo mwingine. Tukaketi chini, mikono yangu imeshika yake, tukafinyanga mdogo, mbichi, mkonga umepinda. Akamnong'oneza maneno yake, akamweka majini. Aliyeyuka upesi. Mama akamwagia lengalenga mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, na uso wake ukatulia.

Asubuhi mwanawe alikuwa anapunguza mizigo. Masufuria yalibaki, hata sari za harusi zilibaki. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na yule wa kuchomwa, nimeshika mchi nimsage, angalau awe vumbi. Mama akaniita nimlete. Akamfunga ndani ya shali, akamweka mapajani, garini.

"Lakini mama, huyu hawezi kurudi udongo."

"Mungu alienda jana," akasema. "Hii ni mikono yako. Hii, miye siwezi kurudisha."