Sahani ya Lynnet

Roseline alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa bweni huko Asumbi, mama yake alipokuja kumchukua katikati ya muhula. Jerusha, ndilo jina la mama, alisimama mlangoni mwa ofisi na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akasema ugonjwa wa mtoto mdogo umejulikana hatimaye, na kwamba yeye, mjane, hawezi kumuuguza peke yake. Roseline alifunga sanduku akidhani anaenda nyumbani Rusinga kwa wiki mbili. Hakurudi darasani tena.

Mtoto huyo mdogo alikuwa Lynnet, na wakati huo alikuwa na miaka minane. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili bila kuwa nacho. Mama akimbusu kwenye paji la uso alionja chumvi, na majirani wakamcheka: chumvi ya wapi, na ziwa letu ni la maji baridi? Daktari mmoja wa Kisumu ndiye aliyelipima jasho lake akautaja ugonjwa kwa jina lake, sistiki faibrosisi. Mtu huzaliwa nao. Ute wa mwili unakuwa mzito kama gundi, unaziba mapafu, unaziba na kongosho. Lynnet alipaswa kupigwapigwa mgongo asubuhi na jioni ili makohozi yatoke, kumeza vidonge vya kusaga chakula kila alapo, na kula. Kula sana, kuliko mtu mzima, kwa sababu chakula kingi kilipita tu tumboni mwake bila kumfaa.

Basi katika nyumba ile kukawa na sahani ya Lynnet. Mayai mawili yaliyokaangwa. Kipande kinono cha samaki mbuta, kile cha tumboni. Ugali uliopakwa siagi. Roseline ndiye aliyempiga mgongo, akamchemshia maji, akamkaangia samaki, kisha akakaa na omena wake, wale dagaa wadogo, na kumtazama mdogo wake akilalamika kwamba ameshiba.

"Malizia, nyathina," Jerusha alikuwa akimbembeleza, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu."

Hakuna aliyewahi kumbembeleza Roseline amalizie kitu chochote.

Alimpenda mdogo wake, hilo lisiwe na shaka. Lynnet akikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu, Roseline alilia. Lakini akipumua vizuri tena, na mama akimfunika shuka na kumwimbia, kitu kilimkwaruza Roseline kifuani, naye alikijua kwa jina. Alikuwa akimwonea wivu mgonjwa. Aibu ya jambo hilo ilimfanya asimwambie mtu, na kwa kuwa hakumwambia mtu, wivu ule ulikua naye. Alipofika miaka ishirini na sita, akiuza vitambaa katika duka la Bi Kaltum mjini Mbita, bado alikuwa akipima kwa macho kila kipande cha samaki kilichowekwa mezani kwao.

Mwaka huo Lynnet, sasa msichana wa miaka kumi na saba, alianza kukonda. Alikunywa maji jagi zima na bado akawa na kiu. Kifua kikamshika vibaya, akalazwa hospitali moja ya Homa Bay, na damu yake ilipopimwa sukari ikasoma kumi na tisa, juu mno. Jerusha alikuwa Migori kwenye matanga ya kaka yake. Aliyekaa na mgonjwa ni Roseline.

Muuguzi alimfundisha Lynnet kujidunga insulini kabla ya kula, vipimo sita kwa kila mlo. Mambo ya chakula aliyashughulikia mtu wa lishe, kijana mpole kutoka Kisii aitwaye Mokua. Siku hiyo Lynnet alikuwa na homa, amelala, kwa hiyo Mokua alimwita Roseline mezani kwake.

"Dada, sikiliza vizuri," alisema. "Sukari ya huyu si kama ile ya wazee. Imeletwa na kongosho lililoharibiwa na ute. Msimpunguzie chakula hata kidogo. Akikonda, mapafu yatashindwa. Ale vilevile alivyokuwa akila, mafuta na yote, halafu insulini ndiyo ifuate chakula. Akila nusu, adunge nusu. Akidunga vyote bila kula, sukari itashuka ghafla na inaweza kumuua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Mokua aliandika yote kwenye karatasi, akachora na sahani, ugali kiasi gani, vipimo vingapi. "Mpe mama," akasema.

Roseline aliikunja karatasi ile mara nne. Alipokuwa akiambiwa neno sukari kwa mara ya kwanza, kabla ya huyu Mokua kufungua mdomo, alikuwa amewaza jambo moja tu, na liliruka lenyewe bila kuitwa: sasa watamkatia. Kumbe hata sukari haikuweza kumnyang'anya Lynnet sahani yake. Kila mgonjwa wa sukari aliyemjua alikuwa amekatazwa hiki na kile, lakini mdogo wake ameongezewa ruhusa na hospitali. Aliiweka karatasi ndani kabisa ya mkoba.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba alikusudia kuitoa. Lakini siku ya pili baada ya kurudi Rusinga alifika baba yao mdogo, Dishon, kutoka Isebania, kuwapa pole. Dishon mwenyewe alikuwa na sukari mwaka wa tisa huo. Akamwona Lynnet mbele ya mayai na ugali wa siagi, akarusha mikono juu.

"Jerusha! Mnamuua mtoto! Mimi nilikatazwa mafuta, nikakatazwa ugali mweupe, nikaambiwa kipande kama kiganja cha mtoto. Ndiyo maana mnaniona hapa. Sukari inakatwa mdomoni."

Jerusha aliogopa. Akamgeukia binti yake mkubwa. "Roseline, wewe ndiye uliyekuwa huko. Waliwaambia nini juu ya chakula?"

Mkoba ulikuwa umetundikwa msumarini, hatua mbili tu kutoka alipokaa.

"Walisema maneno mengi, Mama," alijibu. "Lakini Baba mdogo ndiye anayeijua sukari."

Tangu jioni hiyo Lynnet akawekewa mboga za kuchemsha na kiganja cha ugali. Mayai yakaondoka. Mbuta alipokaangwa, kile kipande kinono kilihitaji mtu wa kukila, na Jerusha, bila kufikiri sana, akakiweka mbele ya Roseline. Kilikuwa kitamu. Roseline alikula taratibu, akajilamba vidole, na hakumtazama mtu.

Wiki ya kwanza alijiambia kwamba siku chache si kitu. Wiki ya pili alijiambia kwamba akisema sasa ataulizwa kwa nini hakusema mwanzo. Wiki ya tatu sketi ya shule ya Lynnet ilikuwa imefungwa kwa pini mbili. Msichana alikuwa akidunga vipimo vyake sita kama alivyofundishwa, kwani hakujua kwamba hesabu ile ilikuwa ya sahani iliyojaa. Mara mbili mikono yake ilitetemeka darasani. Alidhani ni njaa, na kweli alikuwa na njaa.

"Rozi," alimwambia dada yake wakianua nguo, "yule Mokua alikueleza nini? Nakumbuka aliongea muda mrefu."

"Alisema ufuate anavyosema Mama."

Lynnet alitoa kibanio kwenye kamba. "Unajua mimi nakuonea wivu?"

"Mimi?"

"Unakula tu na kuondoka. Hudungi, humezi vidonge, hupigwi mgongo. Unavuka daraja la Mbita kwa miguu kwenda kazini na huhemi. Una watu wako huko Mbita. Mimi wangu ni wewe na Mama na kikohozi."

Mtu mwingine angelainika hapo. Roseline alikasirika. Wivu ulikuwa mali yake, kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mdogo wake hakukigusa, na sasa hata huo anautaka. Akavuta shuka kwenye kamba kwa nguvu, likachanika.

Jumamosi iliyofuata, kiasi cha saa tano asubuhi, Lynnet alitokea dukani Mbita. Roseline alikuwa amesahau simu nyumbani, na Lynnet aliamua kumletea kwa miguu. Alikuwa amejidunga kama kawaida, akanywa nusu kikombe cha uji usio na sukari, akaanza safari.

Bi Kaltum alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha mapazia. Yeye ndiye aliyeona kwanza. "Roseline, huyu mtoto ana nini?"

Lynnet alikuwa amelowa jasho, macho hayatulii. Alimwita dada yake kwa jina la mwalimu wake wa hesabu. Kisha akacheka, akaegemea mitumba ya vitambaa, na magoti yakakunjika.

Roseline alijua. Alikuwa amekalia ujuzi huo wiki tatu. Aliruka juu ya meza, akampakata, akapiga kelele, "Sukari! Bi Kaltum, kitu chenye sukari!" Kaltum alileta chai yake kutoka kwenye chupa, tamu kama anavyoipenda, akaongeza vijiko vinne juu yake. Roseline alimwinua kichwa, akahakikisha anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Kisha akatoa mashine ya kupimia kwenye mfuko wa Lynnet, akamchoma kidole. Mbili nukta tatu.

"Meza, Lynnet. Meza tena. Usilale. Nakuomba."

Baada ya robo saa ilisoma nne nukta nane. Lynnet alifumbua macho vizuri, akauliza kwa nini nguo yake imelowa chai. Kaltum alimtuma mteja yule yule akalete chapati na maharage, na msichana alikula chapati tatu bila kuinua kichwa. Roseline hakuweza kumtazama akila.

"Amekula nini asubuhi hii?" Kaltum aliuliza.

"Uji. Nusu kikombe."

"Na amejidunga dawa yote? Nani kawaambia mfanye hivyo?"

Roseline alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kaltum aliisoma, akaisoma tena, halafu akamrudishia mkononi.

"Hii usinieleze mimi," alisema. "Mama yenu yuko Rusinga. Nenda. Duka nitafunga mwenyewe."

Nyumbani Roseline aliungama mbele ya mama akiwa amesimama, mkoba begani, Lynnet ameketi pale pale. Alisema yote, hata ile furaha ya kipande cha mbuta. Jerusha hakupiga kelele. Alimwambia asome karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho akamwambia aisome tena. Kisha akaenda jikoni. Hakuzungumza na binti yake mkubwa kwa siku tisa.

Lynnet ndiye aliyesema, usiku wa kwanza, akiwa na sahani iliyojaa magotini. "Ulinionea wivu kwa sababu ya mayai? Rozi, ungesema. Mara nyingi nilikuwa nayameza kama dawa." Halafu akaiweka sahani chini. "Ningekufa." Hakuligusa bega la dada yake siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata, na alianza kujipiga mgongo mwenyewe kadiri mkono ulivyofika.

Siku ya kumi Jerusha alimkuta Roseline akiosha vyombo. "Nilikutoa shuleni," alisema, akitazama nje. "Sikukuuliza. Kila mwaka nilisema nitazungumza na wewe, na kila mwaka Lynnet akawa mgonjwa. Ulichofanya ni kibaya. Lakini hilo langu nalo nalijua." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani alizokuwa akiosha bintiye.

Walirudi kwa Mokua wote watatu. Akapunguza insulini, akapanga upya chakula, akamfundisha Lynnet mwenyewe kulinganisha vipimo na mlo. Miezi mitano baadaye alikuwa ameongeza kilo sita. Jerusha alipoiona mizani alipiga vigelegele hadi muuguzi akachungulia, na Roseline, aliyesimama nyuma akiwa ameshika sweta za watu wawili, akasikia ule mkwaruzo kifuani, mdogo lakini ule ule.

"Nimeona wivu," alisema kwa sauti, mbele ya wote.

Mokua hakujua atazame wapi. Lynnet aligeuka juu ya mizani, akamwangalia dada yake kwa makini, kama mtu anayesoma namba kwenye mashine.

"Basi panda na wewe," alisema, akashuka. "Tuone una ngapi."

Roseline alivua viatu, akapanda.