Upande Alikokwenda Zaituni

Wenye kucheka wacheke sasa, wamalize. Hili nililiona mimi mwenyewe, hapa Rumonge, jua likiwa utosini, na pombe sijawahi kuionja.

Tulikuwa tunapika mawese nyuma ya nyumba, mimi na mke wangu Zaituni. Mawese yake, niamini, hata watu wa Kigwena wenye michikichi yao walikuja kuyanunua kwetu. Haya, nisipotee. Hewani, karibu na moto, kikatokea kitu chekundu kama chikichi moja. Kikavimba. Kikawa kama tumbo, kikaota mabega, mara mtu mzima kasimama, kanzu safi, anacheka.

"Amahoro, mutama."

Ungefanya nini wewe? Kaniita mzee, kanitakia amani; nilimwitikia. Zaituni akamuuliza kama tunavyomuuliza kila mgeni: "Unatokea wapi, mwanangu? Bugarama?"

"Hapana, mama. Kwetu iko si mbele wala nyuma, si juu wala chini."

"Basi unatokea kwenye chupa," Zaituni akamtania.

Mgeni akachovya kidole kwenye beseni, pale mafuta yalipoelea juu ya maji. "Mafuta ingekuwa na macho, ingeona nini?"

"Kiduara tu," Zaituni akajibu.

"Na mimi mwenye kidole?"

Zaituni akakitazama kidole, kisha akamtazama mgeni mzima.

"Basi na nyinyi munaniona hivyo hivyo," mgeni akasema. Akanywa maji tuliyompa, akashukuru, murakoze, akainuka.

Sasa, kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamsindikiza hata hatua chache. Magoti yangu mabovu, unayajua magoti ya wazee, kwa hiyo akasimama Zaituni. "Nimusindikize kidogo, narudi."

Hawakwenda njiani. Hawakwenda ziwani. Walikwenda upande ambao mimi sina shingo ya kuugeukia. Nilimwona Zaituni akipungua: akawa kipande cha kitenge, kipande kikawa duara, duara likawa nukta. Kisha moshi mtupu.

Hakufa. Angekufa ningemzika. Ananisemesha, karibu kama tumelala mto mmoja. Anasema ananiona mzima kwa mara moja, ngozi na matumbo, na ini langu limevimba. Muganga wa dispensari akalipima: kweli limevimba. Njia ya kurudi haijui, anapapasa tu. Mara nyingine kipande chake hutokea hewani, kiduara cha nyama chenye joto, nikikishika kinaponyoka. "Geuka huku," ananiambia. Huku wapi? Nimegeuka pande zote alizoniumbia Mungu. Shehe kasoma mpaka kachoka. Wanangu wanasema nimezeeka vibaya.

Basi wewe unayesoma, mgeni ambaye hukuona amepitia mlango gani mpe salamu, mpe maji, umwache aende peke yake. Watu watasema huna adabu. Waseme.

Mimi bado nageuka-geuka humu chumbani. Ila Zaituni haniambii tena nigeuke. Siku hizi ananiuliza tu kama nimekula.