Upinde wa Mkono wa Kulia

Upinde wa kwanza nilionunua niliuchagua mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nilisema kinyume chake mbele ya watu, na mtu mmoja akaitwa mwizi kwa maneno yangu.

Mjomba wangu huwinda. Hapa Oman kuwinda kumekatazwa, kwa hiyo mara moja kila mwaka hupanda ndege kwenda Tanzania bara, akachukua kibali, akaingia porini siku kumi na wenzake wawili watatu. Zamani alitumia bunduki. Miaka hii amehamia kwenye upinde, na si ule wa mti na kamba. Huu una gurudumu dogo kila ncha na nyaya zinazopita katikati, na ukishauvuta mpaka mwisho unakuwa mwepesi mkononi, unaweza kulenga bila ya kutetemeka. Mwaka huu alisema, tukiwa tunakula, kwamba mwanawe atakwenda naye, na mimi pia nikitaka.

"Lakini kila mtu na upinde wake," alisema. "Na auweze."

Mimi naishi kwake, Mabela, pamoja na mama yangu. Nilisoma Unguja mpaka darasa la saba, kisha mjomba akatuleta. Watoto wake wamesoma, na Kiarabu chao hakina kigugumizi. Mimi napanga mizigo katika duka la vipuri, na wageni wakija nyumbani mimi hupitia mlango wa jikoni, ingawa hakuna aliyeniambia nipite huko. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilijiona nimekaa na wanaume nje ya hema, naulizwa jambo, najibu.

Nilikuwa nimeweka riyali mia na ishirini. Nilikwenda nazo Ghubra, kwenye duka moja la vifaa vya kambi, na mtoto wa mjomba akanifuata, kwa sababu yeye alikwisha kununua wake na alijiona mjuzi. Mwenye duka ni mzee wa Kiomani asiyejua Kiswahili, hukaa kwenye sanduku la pesa. Anayeuza ni Mkenya mmoja, mtu mzima, mwenye mikono mikubwa.

"Karibuni. Ni nani ananunua?"

Mtoto wa mjomba akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Anataka kuua nyati."

"Nyati atangoja," alisema yule Mkenya. "Kijana, umewahi kuvuta upinde?"

"Hapana."

"Afadhali. Kuliko mtu amefunzwa vibaya."

Akaniuliza nina kiasi gani, nikamwambia kwa sauti ndogo, naye hakucheka. Alisema pesa kidogo si shida, shida ni mtu kununua upinde wa mtu mwingine. Akanisimamisha ukutani, nikanyoosha mikono, akanipima kwa tepu kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, maana urefu wa kuvuta hutokana na hapo. Akasema nisitafute uzito wa kuvuta wa sifa. Kuna vijana huja wakataka ratili sabini, wakishavuta mara tano bega linawauma wiki nzima. Nichukue unaoweza kupunguzwa na kuongezwa, nianze chini. Pesa itakayobaki niitie kwenye mishale iliyonyooka, kwa sababu upinde mzuri na mishale mibaya ni kazi bure.

Nilimpenda. Nataka niliandike hilo pia.

Kisha akaniambia niunganishe viganja mbele ya uso, niache tundu dogo katikati, niitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, halafu nivute mikono polepole mpaka usoni. Mikono ikaja kwenye jicho la kushoto.

"Unaona? Jicho lako lenye nguvu ni hilo. Na mkono je?"

"Wa kulia," nilisema haraka.

Akanirushia ile tepu ghafla. Nikaidaka kwa mkono wa kushoto.

"Aha! Nilijua!" Akacheka kwa furaha, akaingia stoo, akatoka na upinde mweusi uliochubuka kidogo kwenye mpini. "Huu ni wa kushoto. Mwenyewe amerudi kwao Ulaya. Umekaa hapa miezi kwa sababu watu wa kushoto ni wachache, ndio maana bei imeshuka. Riyali sabini, na mishale sita ndani. Kijana, huu ulikuwa unakungoja wewe."

Mtoto wa mjomba aliangua kicheko. "Wallahi bwana, usimrudishe nyuma huyu! Bibi alimfunga mkono kwa kanga mpaka ukaacha, leo wewe unaufungua? Wewe, na huyo mnyama utamchinja kwa mkono gani? Wa chooni?"

Yule mzee kwenye sanduku la pesa aliinua macho. Hakuelewa lugha, lakini aliona nani anachekwa.

Ni kweli bibi alinifunga. Hakunifanyia ukatili, alikuwa anaogopa nitampa mtu kitu kwa kushoto, au nitakula kwa kushoto mbele za watu, wakasema sikufunzwa. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Nikajifunza kula, kusalimia na kuandika kwa kulia, ingawa kuandika mpaka leo naandika polepole, herufi moja moja. Nilidhani nimeshapona. Na sasa mtu nisiyemjua alikuwa amenishika mbele ya watu kwa kunirushia tepu.

"Nipe wa kulia," nilisema.

"Umesema?"

"Wa kulia."

Aliuweka ule mweusi mezani. "Una uhakika? Wa kulia wa bei yako ni huu tu, na ni riyali mia na kumi. Utabaki na pesa ya mishale mitatu ya hali ya chini. Na jicho lako litakusumbua."

"Huo huo."

"Pesa ni yako," alisema. "Lakini nimekuambia."

Ijumaa baada ya sala tulikwenda Barka, kwenye shamba la rafiki yake mjomba, ambako waliweka shabaha ya sponji mbele ya tuta la mchanga. Kulikuwa na wanaume watano. Mtoto wa mjomba alipiga vizuri. Ikaja zamu yangu.

Nilivuta kwa mkono wa kulia, nikalenga, na kila nilipofungua macho yote mawili nukta ya kulengea iliyo juu ya mpini ilihama. Nikifumba la kushoto naona giza giza. Mshale wa kwanza ulipita juu. Wa pili uliingia mchangani hatua tatu kutoka kwenye shabaha. Wa tatu ulikwenda kushoto kabisa, ukatoboa tangi la maji la yule rafiki, na maji yakaanza kuruka kama bomba la bustani.

"Kampiga nyati!" alipiga ukelele mtoto wa mjomba, na wote wakacheka, hata mwenye tangi.

Mjomba peke yake hakucheka. Alikuja akauchukua upinde mkononi mwangu, akaugeuza. "Vipi upinde huu? Nani kakuchagulia?"

Hapo ndipo nilipolisema. Nilisema, "Yule Mkenya. Mimi niliutaka mwengine, wa bei nafuu, akakataa kunipa. Akasema huu ndio wangu."

Yalitoka bila kukwama, mimi ambaye nikiulizwa hata saa hukwama. Mtoto wa mjomba aliyasikia. Aliniangalia, kisha akainama kufunga kamba za viatu. Nadhani hakutaka baba yake ajue alivyonicheka dukani.

Kesho yake asubuhi mjomba alinitia garini, sisi wawili tu, tukaenda Ghubra.

Alianza kwa Kiswahili, na alianza juu. "Bwana wewe, huyu kijana nnamlea mimi. Kaja na vijisenti vyake vya jasho, wewe ukaona mjinga huyu, ukamtwisha kitu cha ghali asichokiweza. Huu si wizi?"

Yule Mkenya aligeuka. Aliniangalia mimi. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa ananingoja. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Niliangalia vigae vya sakafu.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, taratibu, "muulize kijana."

"Nshamuuliza!"

Kisha mjomba akageukia Kiarabu, akamweleza mwenye duka, na mimi kwa Kiarabu changu kidogo nililisikia neno lile lile la wizi likirudiwa. Wateja wawili waliacha kuangalia mahema. Mwenye duka alimuuliza Mkenya swali moja fupi, naye akajibu kwa kifupi, kisha akaambiwa aondoke mbele, akae stoo. Akaondoka. Tulirudishiwa pesa zote.

Garini mjomba alikuwa amefurahi. "Haki yako hiyo. Usiwe mnyonge hivyo. Tutakutafutia upinde mwengine, safari bado ipo."

Safari bado ipo. Nilikuwa nimeshaipata, kilichobaki ni kunyamaza tu. Tukapita uwanja wa ndege, tukapita njia ya Sib, na kila nikitaka kusema najiambia nitasema kwenye mzunguko ujao. Tulipoingia mtaani kwetu, tayari naliona geti, ndipo niliposema.

"Mjomba, hakuniibia."

Alisimamisha gari pale pale. Nikamwambia yote, jicho, tepu, upinde mweusi wa riyali sabini. Kanga ya bibi sikuitaja, lakini aliijua. Alinisikiliza bila ya kunikatiza. Kisha akageuza gari.

Tulipofika duka lilikuwa limefungwa mapumziko ya mchana, mpaka saa kumi. Nilidhani tutarudi nyumbani. Mjomba akaegesha kwenye kivuli cha jengo, akaenda kusali msikitini, nami nikasali nyuma yake, akarudi na chupa mbili za maji, akanipa moja. Tulikaa garini muda wa karibu saa tatu.

"Mkono si kitu," alisema mjomba, bila ya kunitazama. "Ungenambia ungetumia hata mguu."

Baada ya muda tena akasema, "Porini, mtu akishaachia mshale nnamuuliza, umempiga wapi? Akisema begani na kampiga tumboni, tunamfuata vibaya, na yule mnyama anakwenda kufa mbali kwa mateso. Mshale wa mwenzako huuoni ulipoingia. Una maneno yake tu." Akanywa maji. "Mwaka huu huendi."

"Sawa, mjomba," nilisema.

Saa kumi na dakika chache yule Mkenya alikuja kwa miguu, ameshika ufunguo, na mwenye duka akashuka kwenye gari lake nyuma yake. Walituona. Mkenya alisimama mlangoni kama mtu anayejiandaa kutukanwa mara ya pili.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yaliyotoka ni "Nilisema uongo," mara mbili, mara ya kwanza haikusikika. Mwenye duka alikunja uso, hakuelewa. Mjomba alimfasiria kwa Kiarabu, neno kwa neno, na hakulainisha popote. Nilisimama nikisikiliza aibu yangu ikisomwa kwa lugha nyingine.

Kisha mjomba, mtu ambaye ofisini kwake watu husimama akiingia, alimkabili yule Mkenya, akaweka mkono kifuani. "Bwana, nimekuita mwizi mbele za watu. Nnakuomba radhi."

Hilo sijalisahau na sidhani nitalisahau. Kuchekwa kwa ajili ya mkono kuliniuma, lakini hakukunifanya nitake ardhi inimeze. Kichwa cha mjomba kilikuwa kimeinama, na aliyekiinamisha ni mimi.

Yule Mkenya alikohoa. "Yameisha, mzee. Ingawa ile ya asubuhi, wateja walikuwa wawili, na hao hawapo sasa."

Mwenye duka alimsukuma Mkenya kidogo begani, akamwonyesha meza ya mbele. Yule Mkenya akarudi mahali pake.

"Ule wa kushoto upo?" aliuliza mjomba.

Ulikuwapo. Niliushika mpini kwa mkono wa kulia, nikavuta kwa wa kushoto, mbele ya wote watatu, na uso ulikuwa unaniwaka. Mkono ukaja mpaka shavuni. Nukta ilitulia.

"Polepole, urudishe. Usiachie bila mshale, utauvunja," alisema Mkenya. Alichukua ufunguo mdogo wa pembe sita, akaanza kukaza na kulegeza skrubu za upinde. Bila ya kuinua kichwa akauliza, "Mnasafiri lini?"

Mjomba alinigeukia. Ilikuwa zamu yangu.

"Wao wanaondoka wiki mbili zijazo," nilisema. "Mimi siendi."

Alinitupia jicho, akamtupia mjomba. Akaugeuza ule ufunguo mzunguko mmoja zaidi.

"Basi tuanze na ratili thelathini na tano," alisema. "Una muda."