Cheti Nilichotuma Bila Kuombwa

Mashine ya kupimia presha niliyomnunulia mama yangu mtandaoni haijafika mpaka leo, na siku hizi sitaki hata ifike. Nikipigiwa simu kutoka stendi kwamba kuna mzigo wangu, nadhani nitakimbia. Wenzangu sokoni wananitania: "Uliagiza kipimo cha presha, ukaletewa presha yenyewe!" Nacheka nao, maana muuza vitenge wa Kasulu akinuna wateja wanahamia meza ya jirani. Lakini wao wanadhani nililia kwa sababu ya hela. Hela zilikuwa jambo dogo kuliko yote.

Mama anaishi Kitahana, upande wa Kibondo, yeye na kuku wake na shamba la maharage. Alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto wa kung'oka meno ya utoto, ameshika nguo ya dada yake kwa nyuma ili asipotee. Hapa ndipo alipokulia, akaolewa, akanizaa, akamzika baba yangu. Uraia aliupata mimi nikiwa tayari msichana mkubwa. Siku aliyopewa cheti alikifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakifunga tena kwenye mfuko mwingine, akakilaza chini kabisa ya sanduku la nguo. Tukaambiwa tusikiguse. Tulikigusa siku moja tu, nilipokipiga picha kwa simu yangu, na ni yeye mwenyewe aliyeniomba, akasema nyumba ya nyasi inaungua lakini simu mtu anatoka nayo.

Watu wengine wakiulizwa wao ni nani hutaja jina, basi. Kwetu tunaanza na karatasi. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ajabu yake. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, nilipokwenda kuomba meza sokoni, hata nilipompeleka mwanangu kliniki, nilibeba karatasi nyingi kuliko zilizotakiwa, na kila mara mtu wa dirishani alinirudishia moja akisema, "Dada, hii sijaiomba." Nilikuwa naichukua, nashukuru, na mara nyingine naibeba tena.

Basi daktari alisema mama apimwe presha mara kwa mara, na kwenda hospitali kila mara kunamchosha. Nikaiona ile mashine kwenye ukurasa mmoja wa biashara mtandaoni, bei ya kutia huruma, na chini yake wateja wameshukuru kwa maua na mioyo. Rahisi ghali, walisema wazee, lakini wazee hawakuwa na simu. Nikalipa. Muuzaji akaniita "kipenzi", akanitumia picha ya boksi lililozungushiwa solatepu, limeandikwa KASULU kwa kalamu nene. Lingekuja na basi. Nikaenda stendi, nikarudi mikono mitupu. Nikaenda tena na tena, mpaka vijana wa ofisi ya mizigo wakawa wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba mzigo umeshikiliwa njiani na kinachotakiwa ni kitambulisho cha mpokeaji, chochote kile. Mpokeaji nilikuwa nimemwandika mama. Nilikuwa na picha ya kadi yake ya mpiga kura, nikaituma, na ingetosha. Ila mkono haukutulia. Nikatuma na cheti cha uraia, nikahakikisha mhuri unaonekana vizuri, na chini yake nikaandika: "Ni raia kabisa, msiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Hakuna aliyeuliza. Mtu kauza mashine hewa, mimi namthibitishia uraia wa mama yangu.

Akajibu kwa dole gumba. Kesho yake picha yake ikatoweka na ujumbe wangu ukawa haumfikii. Nilikasirika, nikamtukana kwa sauti katikati ya soko, nikajiona mjinga, nikaendelea kupima vitenge. Kama yangeishia hapo nisingekuwa na cha kusimulia.

Ilipita kama wiki, simu ikalia. Sauti ya mwanaume, ya taratibu, ya mtu aliyeshiba. Akalitaja jina la mama lote, pamoja na jina la babu, kama lilivyoandikwa kwenye cheti. Kisha akasema, "Dada, nyie watu wa kuja tunawajua. Hiki cheti kikifika uhamiaji na maelezo kwamba ni cha kughushi, bibi atasumbuliwa sana katika uzee wake. Au tuyamalize wenyewe?"

Nilikaa juu ya robota la vitenge. Niliogopa. Sikumwogopa yeye, maana mwizi wa simu ni mwizi tu. Niliogopa kwa jinsi nilivyomwamini. Cheti ni halali, nilikuwepo siku kinatolewa, niliona mama akipewa mkononi, na bado mtu nisiyemjua aliposema kinaweza kuwa bandia, moyo wangu ulijibu: inawezekana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sijaumwa, lakini nimezaliwa na aliyeumwa.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Gari likisimama nje ya soko nilichungulia nione nani anashuka. Nilitaka kuzima simu nikaogopa, kwa sababu labda angempata mama moja kwa moja. Nikamwona mama kichwani mwangu, amesimama ng'ambo ya mpaka na mfuko wake wa plastiki, katika nchi ambayo hajui hata njia ya kwenda sokoni. Chakula kilinishinda. Nikaanza kupanga nimtumie yule mtu anachotaka, nipumue.

Aliyenizuia ni mteja wangu mmoja, mwalimu kutoka Tanga aliyepangiwa kazi huku, mwanamke wa kujisitiri na ulimi mkali. Alikuja kuchukua kitenge chake akakuta nimekikata vibaya. Akaniangalia usoni badala ya kuangalia kitenge, akasema, "Una nini wewe?" Nikamwaga yote.

"Usimtumie hata shilingi," akasema. "Ukimlipa leo umemwajiri, kila mwezi atadai mshahara. Usifute ujumbe hata mmoja. Ule ukurasa wake upige picha sasa hivi kabla hajaufuta, na namba yake, na ujumbe wa malipo. Ripoti namba kwa kampuni ya simu. Halafu mchukue mama yako mwende polisi mkaandikishe kesi, mpewe namba ya RB, mkitoka hapo nendeni uhamiaji nyie wenyewe. Mwizi akifika na maneno yake akute mmeshafika."

"Polisi na mama?" nikauliza.

"Kwani mama si raia?"

"Ni raia."

"Na cheti si halali?"

"Halali."

"Sasa unaogopa nini?"

Nikachukua simu. Yeye akisema anatoka Tanga, watu wanamuuliza habari za huko. Hakuna anayemuuliza bibi yake alizaliwa wapi na kama ana ushahidi. Nilipiga picha kila kitu alichosema, yeye akiwa amesimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani. Kitenge alikichukua hivyo hivyo kilivyokatwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nikapanda gari kwenda Kitahana kumwambia mama. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nilimsimulia nikiangalia ungo, sikuweza kumwangalia yeye. Vidole vyake havikusimama. Alitoa mawe, akatoa mabovu, akapeperusha maganda. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mwana wanje, na mhuri waliuona?"

"Waliuona, mama."

"Ego," akasema. Ndiyo. Akaendelea kuchambua.

Nilimweleza habari za polisi na uhamiaji kama mwalimu alivyonieleza, nikajaribu hata kuiga ule ukali wake. Nikamwambia sisi ndio tulioibiwa. Hakubisha. Nilitegemea alie, au anigombeze, au aseme "oya" yake, ile hapana ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishinda. Aliuliza tu tutaondoka lini. Nikasema kesho asubuhi. Akasema basi atapika maharage yote leo, yasije yakaharibika, na mimi nikafurahi kwamba anafikiria chakula.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mfuko wake wa plastiki kwapani. Kwetu asubuhi ni baridi, sikushangaa. Alifunga mlango, akaenda kwa jirani kumwachia ufunguo, wakasimama muda mrefu wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini. Kuku nao aliwapeleka huko. Nilisimama barabarani na bodaboda wawili, nikakereka, nikamwita kwamba tunachelewa.

Kibondo mjini jua lilikuwa limeshapanda. Mama alitembea taratibu kupita kawaida yake, jasho linamtiririka, na nilipomwambia avue sweta alilishika kwa mikono yote miwili. Nikajua ni presha. Niliogopa aanguke pale pale mbele ya kituo, na nikaanza kujilaani upya kwa ile mashine.

Ndani, askari mwanamke alituonyesha benchi. Kabla hajauliza kitu, mama alisimama, akaanza kutaja kijiji, kata, jina la mwenyekiti, jina la mchungaji, mwaka aliobatizwa, mahali alipozikwa mumewe. Aliyataja yote bila kupumua, kama mtoto anayesoma shairi alilokaririshwa. Askari aliweka kalamu chini.

"Mama, kaa," akasema. "Wewe ndiye uliyetendewa kosa. Hapa hukushtakiwa."

Mama alikaa, lakini niliona hakuamini. Mimi ndiye niliyetoa maelezo. Yule askari alisoma jumbe zote, akasonya kwa hasira maelezo yangu ya ile simu yalipofika kwenye "watu wa kuja", akatuandikia RB, akaniambia yule mtu akipiga tena nisimjibu, nilete namba tu. Tukaenda uhamiaji. Huko afisa, kijana mwenye lafudhi ya mbali, alikitoa cheti kwenye mifuko yake miwili ya plastiki, akatazama kumbukumbu zao, tukasubiri. Kule kusubiri sitaki kukukumbuka. Nilikuwa naangalia mlango alioingilia, nimeshika mkono wa mama.

Alirudi, akamkabidhi mama cheti kwa mikono miwili.

"Kipo sawa, mama. Jina lako lipo. Mtu kuwa na picha yake hakukuondolei uraia. Tumeandika kwamba mmetoa taarifa. Nendeni nyumbani mkapumzike."

"Nyumbani wapi?" mama akauliza.

Afisa akadhani ni utani, akacheka. "Si Kitahana, mama?"

Mama akakirudisha cheti kwenye mifuko yake. "Ego," akasema. "Kitahana."

Tulipotoka nje alitafuta ukuta wenye kivuli, akaketi chini, akaanza kufungua vifungo vya sweta. Vidole vilikuwa vinamshinda, nikachutama nimsaidie. Chini ya sweta kulikuwa na gauni la kanisani. Kwenye shingo ya gauni la kanisani likachungulia gauni la shamba. Na chini ya hilo nikaona kola ya kitenge ninachokijua, gauni nililomshonea mwenyewe kwa kitambaa bora kuliko vyote mezani kwangu, ambalo hajawahi kulivaa hata siku moja kwa kuwa anasema tutamzika nalo. Yote yalikuwa yamelowa.

"Mama, nini hiki?"

"Walipotutoa kule hawakutupa muda wa kuchukua nguo," akasema. "Mkono unatakiwa ubaki mtupu, ushike mtu."

Nikakumbuka kuku, na ufunguo, na maharage yote yaliyopikwa siku moja. Mimi nilikuja Kibondo kutoa ripoti ya wizi. Yeye alikuwa amehama.

"Kama ulijua hivyo," nikamwambia, "kwa nini ulikubali kuja?"

Alikuwa anajipepea kwa ule mfuko wa plastiki, cheti kikiwa ndani.

"Si wewe ulisema twende?"