Kiuasumu

Leo jirani alikuwa akiponda mizizi, na harufu yake chungu ikanirudisha Kalemie, zamani zile za Zaire. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imemkauka. Asubuhi ile mwanamke aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kando yake sokoni alikuwa amempa kikombe cha uji. Bibi alikuwa akimnywesha dawa ya mizizi kama hiyo.

"Inaitwa namna gani, Bibi?"

"Kiuasumu. Njo kusema inaua sumu. Ule mwenye kuitia, haimuui."

Mama akafumbua macho. "Ule muniachie mimi."

Alipopata nguvu, alipika ndagala kwa mawese, akanishika mkono tukaenda sokoni. Akaiweka sahani mbele ya yule mwanamke wa uji, watu wote wakitazama, akamwambia:

"Mama, nimekuletea chakula. Kula."

Yule mwanamke akarudi nyuma, akakataa hata kuigusa. Basi Mama akaketi, akala zote polepole, akalamba na vidole. Hazikuwa na kitu.

Tangu siku ile hakuna aliyenunua kwa yule mwanamke tena. Alipopanda mashua kwenda Moba na mizigo yake, wengine walimhurumia. Mimi nilisimama bandarini nikamcheka mpaka mashua ikapotea.